Viti Saba vya Justin Muturi, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Watu wa Siakago wana shida moja: kila wakimnyima kura Justin Bedan Muturi, Nairobi inampandisha cheo. Mzaliwa huyu wa Kanyuambora, wa mwaka 1956, amekalia viti vinavyotosha kufungulia ukumbi wa harusi. Tumevipanga kwa uzito tunaoujua sisi. Mwenye orodha tofauti aipeleke pale wanapochambua muguka, atasikilizwa.

7. Kiti cha hakimu
Tangu 1982 hadi 1997, watu walisimama alipoingia, na hakuwa ameomba kura ya mtu. Akaona raha imezidi, akaenda kuomba. Mwaka 1997 Siakago wakamsomea hukumu: hapana. Rufaa ikasikizwa 1999 katika uchaguzi mdogo, akapita kwa tiketi ya KANU.

6. Kiranja mkuu wa upinzani
Mwaka 2002 nchi nzima ilikuwa inaimba NARC, Siakago wakabaki na jogoo wa KANU. Muturi akapewa kazi ya kuwachunga wabunge wa upinzani, kiongozi wao akiwa Uhuru Kenyatta. Wenye akili waliandika urafiki huo pembeni, kwa matumizi ya baadaye.

5. Kiti cha Siakago chenyewe
Mwaka 2007 kilichukuliwa na Lenny Kivuti. Kufikia 2013 eneo bunge limebadilishwa jina, linaitwa Mbeere Kaskazini. Muturi akajaribu tena, Charles Njagagua akamwangusha. Jina jipya, jibu lile lile.

4. Kigoda cha msemaji wa Mlima
Mei 2021, huko Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, wazee walimtawaza msemaji wa eneo la Mlima Kenya. Mmbeere kutawazwa kwenye chimbuko la Wakikuyu si jambo dogo, na wazee wengine walipinga waziwazi. Akatangaza kuwania urais kwa chama cha DP, kile alichokianzisha Mwai Kibaki. Aprili 2022 akaingia Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, na tangu hapo msemaji akawa anasemewa.

3. Mwanasheria Mkuu
Hapa utani tuuweke kando kidogo. Juni 2024, akiwa wakili mkuu wa serikali, mwanawe alitekwa. Muturi mwenyewe alieleza baadaye kwamba kijana aliachiliwa baada ya yeye kwenda kwa Rais William Ruto, naye Rais akampigia simu mkuu wa ujasusi. Kama Mwanasheria Mkuu anamtafuta mwanawe kwa kubisha mlango wa Ikulu, mama wa Ishiara abishe wapi?

2. Waziri wa Utumishi wa Umma
Alikikalia tangu Agosti 2024, na hakunyamaza kuhusu utekaji. Machi 2025 akafutwa. Sasa sikiliza mapishi ya Ikulu: aliyepewa kiti chake ni Geoffrey Ruku, mbunge wa Mbeere Kaskazini. Yaani nyumbani kule kule! Kiti cha ubunge kikabaki wazi, uchaguzi mdogo ukaitwa tarehe 27 Novemba 2025, na magari makubwa kutoka Nairobi yakazijua njia za Siakago kwa ghafla. Leo wa Muthende wa UDA, chama cha Rais, alipata kura 15,802, Newton Kariuki wa DP, chama cha Muturi, akapata 15,308. Tofauti ni 494. Safari hii jina la Muturi halikuwa hata kwenye karatasi ya kura, na bado alishindwa.

1. Spika wa Bunge la Kitaifa
Katiba ya 2010 inataka Spika asiwe mbunge. Kwa hiyo kama Siakago wangemchagua Machi 2013, kiti hiki angekiona kwa mbali tu. Walimkataa, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 28, wabunge wakampa kura 219 dhidi ya 129 za Kenneth Marende. Rais mteule alikuwa Uhuru Kenyatta. Rudi namba 6. Alikikalia zaidi ya miaka tisa, pamoja na ile siku ya Desemba 2014 ya sheria za usalama, karatasi zikiruka na naibu wake Joyce Laboso akimwagiwa maji.

Kiti hicho tulikiiga kwa Waingereza, na kwao si salama sana. Michael Martin, Mskoti wa Glasgow, alikaliwa kooni 2009 kwa sakata la marupurupu ya wabunge, akawa Spika wa kwanza kulazimishwa kuondoka tangu 1695. Hakwenda kulima: alipelekwa Bunge la Malodi. Inaonekana maspika hawaanguki, wanahamishwa.

Muturi ametangaza kuutaka urais 2027. Ndugu zetu wa Siakago, mkimnyima kura tena, tafadhali mtuambie mapema tujue ni kiti gani tumfutie vumbi.