Mizuka Sita Isiyosema "Amesafiri"

Kwetu mtu akifa, mtoto huambiwa amesafiri. Binamu yangu aliambiwa hivyo kuhusu babu, naye akauliza swali lililowanyamazisha wazee wote matangani: "Mbona bakora yake ameiacha?" Tangu siku ile nina imani zaidi na hadithi za mizuka za watoto. Mzuka ukishatokea, angalau jambo moja liko wazi: kuna aliyekufa. Tuhesabu kinyumenyume. Mwoga akae karibu na mlango.

6. Coco (2017)
Najua, hii ni filamu. Orodha ni yangu. Miguel, mtoto wa Mexico, anatumbukia nchi ya wafu na kukuta kwamba marehemu hudumu huko maadamu yuko aliye hai anayemkumbuka. Wa mwisho akisahau, marehemu anatoweka. Nilifuta machozi, kisha nikamkumbuka John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya. Mwaka 1969 aliandika jambo la jirani kabisa na hilo, tena kwa maneno yetu wenyewe: marehemu anayetajwa kwa jina bado yumo katika Sasa, akisahauliwa, anazama Zamani. Coco ilipata Oscar. Mbiti aliachiwa wanafunzi wa kumkariri usiku wa kuamkia mtihani.

5. Ghosts, Raina Telgemeier (2016)
Riwaya ya picha. Maya ana ugonjwa wa kurithi unaomkaba mapafu, na pumzi zake ni za kuhesabu. Mizuka ya mji waliohamia inatamani pumzi za walio hai. Basi anaigawia! Dada yake, Cat, anatimua mbio. Cat ana akili.

4. Wait Till Helen Comes, Mary Downing Hahn (1986)
Mama mwenye watoto wawili anaolewa na baba mwenye mmoja, na wote wanahamia kanisa la zamani lililogeuzwa nyumba, lenye makaburi yake. Dalali wa nyumba ile alistahili kamisheni mara mbili. Heather, bintiye yule baba, ana miaka saba. Mama yake aliteketea kwa moto, na sasa Heather amepata rafiki: Helen, aliyekufa karne ya 19 na mwenye tabia ya kuwaita watoto wapweke bwawani.

Watu hukumbuka bwawa. Kilichonikaa mimi ni siri ya wale wasichana wawili: kila mmoja anaamini moto uliomuua mama yake aliuanzisha yeye. Miaka yote Heather ameibeba peke yake, na nyumbani anajulikana kama mtoto mkorofi tu. Kwetu angekwisha pelekwa kwa mganga mara tatu, na ya nne kwa shangazi wa kijijini.

3. The Graveyard Book, Neil Gaiman (2008)
Muuaji anaimaliza familia usiku. Anayebaki ni kitoto kinachojikongoja, kinatoka mlangoni na kupanda kilima hadi makaburini. Mama yake, marehemu wa dakika chache, anatokea mara moja kuomba kitu kimoja: mlindeni mwanangu. Basi, haonekani tena. Wafu wanaitisha kikao, kelele kama za kikao cha harusi, tofauti ni kwamba hakuna anayeombwa mchango. Bwana na Bibi Owens, ambao hawakujaliwa mtoto walipokuwa hai, wanapewa wa kulea karne kadhaa baada ya kuzikwa. Chakula anakileta Silas, maana wafu hawaendi sokoni.

Gaiman alipata wazo hili alipomtazama mwanawe mdogo akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu kati ya makaburi. Kitabu kilinyakua tuzo ya Newbery ya Marekani na ya Carnegie ya Uingereza. Nami bado kinanichoma mahali pamoja: yule mtoto analelewa na kila aina ya wafu, isipokuwa wa kwao.

2. Ghost Boys, Jewell Parker Rhodes (2018)
Hapa sina utani. Jerome wa Chicago, miaka 12, anapigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya kuchezea. Mzuka ni yeye, na msiba anaoutazama ni wake. Anaongozana na Emmett Till, mtoto wa kweli wa Chicago aliyeuawa Mississippi mwaka 1955, akiwa na miaka 14.

1. A Monster Calls, Patrick Ness (2011)
"Lakini hakuna mzuka humo!" Tulia. Wazo la kitabu hiki lilikuwa la Siobhan Dowd, aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla ya kukiandika, na Ness akapokea kijiti. Mzuka ni mwenye wazo.

Mama yake Conor anaugua. Usiku, saa sita na dakika saba, mti mkongwe wa makaburini unageuka zimwi na kuja dirishani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linamjua Conor kuliko anavyotaka kujulikana. Baba anazunguka mbuyu, na mama anasema dawa mpya itafaa. Zimwi peke yake ndilo linalomdai mtoto aseme ukweli wake kwa mdomo wake, na haliondoki hadi liusikie.

Ukweli wenyewe siusemi. Binamu yangu hajafika mwisho, na kitabu alikiazima kwangu.