Mbenga, Kayaki na Vidole Kumi

Kwanza uwe na hakika kwamba unamtaka samaki. Nasema hivi kwa sababu katika kilomita zote 262 za barabara kutoka Kisangani hadi Bafwasende hakuna mtu atakayekuamini. Mgeni anayekwenda kule hufuata dhahabu, almasi, mbao, au roho za kuokoa. Kazi hizo nne zinaeleweka, na kila moja ina bei yake kwenye vizuizi vya barabarani. Lakini mtu mzima aliyefunga chombo cha plastiki cha rangi ya chungwa juu ya gari, akasema anakwenda kuvua samaki ili amrudishe majini, huyo ni mpelelezi au ni mgonjwa. Amua mapema utakuwa yupi. Mpelelezi hulipa zaidi.

Samaki mwenyewe ni mbenga. Watu wa Ziwa Tanganyika wanamfahamu ndugu yake mdogo, kibebe, na hata huyo hawamtii kidole mdomoni. Mbenga mkubwa, yule ambaye Boulenger alimwandika vitabuni mwaka 1898 kwa jina la Hydrocynus goliath, ana meno 32 kama wewe, ila yake yanaonekana hata akiwa amefunga mdomo. Rekodi ya IGFA, shirika linalotunza rekodi za wavuvi wa ndoana duniani, ni ya kilo 44: samaki aliyetolewa mto Kongo, Kinshasa, mwaka 1988. Vitabu vinamtaja hata wa kilo 50. Wavuvi wanamtaja wa urefu wa pirogi. Mwaka 2010 Mwingereza Jeremy Wade alionekana kwenye televisheni akimkumbatia mmoja wa kilo zaidi ya 30, na tangu hapo kila mwenye fimbo ya kuvulia huko Ulaya amejua Kongo iko wapi kwenye ramani, jambo ambalo vita vyetu vyote havikuweza kumfundisha.

Ukifika Bafwasende, usimwulize mvuvi kama mbenga yupo kwenye Lindi. Yupo. Yupo kila mahali ambapo mgeni analipa kwa siku. Muulize badala yake: mara ya mwisho alipopatikana, kichwa kilipewa nani? Hapo uongo unakuwa mgumu. Kichwa cha samaki mkubwa hakisahauliki katika ukoo. Aliyenyimwa bado yuko hai na bado amenuna, na anaweza kukutajia mpaka siku ya juma. Kama hakuna aliyenuna, pakia vitu vyako ufuate mto. Lindi inateremka magharibi, inapokea maji ya Tshopo, kisha inajimwaga katika Kongo chini kidogo ya Kisangani, mji ulikotoka juzi. Wenyeji walijua hilo tangu ulipofika. Hukuwauliza.

Sasa chombo. Kayaki za kuvulia, zile za kukalia juu, zina matundu yanayopenya mpaka chini ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Mtu wa kwanza kuiona pale ukingoni ataingiza kidole tunduni, atakitokezeza upande wa pili, atakutazama kwa huruma na kusema, "Papa, walikuuzishia pirogi ya kutoboka." Mweleze kwamba matundu ni ya makusudi. Huruma itaongezeka.

Halafu watakuja kuikagua wenye pirogi wenyewe, na ukaguzi wao ni wa haki kuliko wa mabaraza mengi. Pirogi inachongwa kwenye gogo moja. Mwenyewe anasimama ndani yake na kafi mkononi, nyavu miguuni, mbuzi mbele, baiskeli katikati, na shangazi wa mkewe nyuma akiwa na kapu la ndizi. Kayaki yako ina kiti chenye mgongo, mahali pa kuwekea kikombe, na nafasi ya mtu mmoja. Hiyo nafasi ya mtu mmoja ndiyo itakayowaudhi. Plastiki watakusamehe, matundu watakusamehe, lakini chombo kisichoweza kumvusha shemeji ni chombo cha mchoyo, na habari hiyo itafika sokoni kabla yako.

Kuhusu kile kimashine cha kuonyesha samaki chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, ushauri wangu ni mfupi: kiache nyumbani. Territoire ya Bafwasende imezidi ukubwa wa nchi ya Ubelgiji, na watu wengi ndani yake wanachimba au wana ndugu anayechimba. Ukiwasha skrini inayochora sakafu ya mto, huna tena uvuvi, una kampuni. Jioni hiyo utatembelewa na vijana watatu wenye mapendekezo, mzee mmoja anayemiliki kipande hicho cha mto tangu enzi za babu yake, na mtu aliyevaa viatu safi ambaye hatataja anafanya kazi wapi. Wote watakuuliza swali moja kwa adabu: "Umeona nini huko chini?" Ukijibu "samaki", watacheka pamoja nawe kama watu wanaojua kutunza siri. Wa viatu safi atarudi kesho.

Nenda wakati maji yamepungua, Januari na Februari. Mvua ikianza kunguruma, toka mtoni: fimbo yako ni ya kaboni, inapitisha umeme, na wewe ndiye kitu kirefu pekee katikati ya maji. Umeme mwingine uko ndani ya mto. Ukinasa samaki mnene, laini, asiye na magamba, mwenye uso wa mtu aliyetoka kula karamu, usimshike. Huyo ni nina, na anaweza kukupiga volti 350. Katika mji wa jenereta na paneli za jua, hiyo ndiyo laini pekee isiyokatika.

Kuhusu mamba naacha mzaha. Desemba 2010 Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Uganda, alinyakuliwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake katika mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na Wamarekani wawili, mabingwa wa kayaki, na walikuwa wamekaribiana. Hakuonekana tena. Huyu ndiye aliyeongoza, mwaka 2004, safari ya kuteremka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi bahari ya Mediterania. Watu walioyajua maji ya Afrika kumzidi walikuwa wachache mno. Kayaki inamkalisha mtu kiuno chake kikiwa karibu sawa na maji. Kwa hiyo mwenyeji akikwambia usipite upande ule wa kisiwa, usimdai ushahidi.

Turudi kwenye upuuzi. Kabla hujaingia majini, kodisha pirogi ikufuate. Utamwambia mwenyewe ni kwa ajili ya usalama, naye atakubali, na kwa siku nzima atakaa hatua chache nyuma yako akivua chakula cha jioni wakati wewe unatafuta sifa. Chambo chake ni minyoo. Chako ni samaki wa bandia mwenye macho ya kioo na njuga tumboni, aliyegharimu kiasi ambacho hutakiwi kumtajia mtu yeyote ukingoni, hasa kama ana mtoto shuleni.

Mbenga akiumwa na njaa hapigi hodi. Mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoana haipati pa kuzama, na akiruka nje ya maji akatikisa kichwa anakurudishia samaki wako wa bandia akiwa hana tena macho wala njuga. Mshipi wa kusukwa, ule dukani walioapa haukatiki, anaukata; ndiyo maana kipande cha mwisho kabla ya ndoana lazima kiwe waya wa chuma. Na kama kila kitu kimekwenda sawa, ndoana imeshika na waya umevumilia, hapo utagundua kasoro ya kayaki ambayo haijaandikwa kwenye tangazo. Aliyesimama ukingoni anavuta samaki. Aliye ndani ya kayaki anakwenda samaki anakokwenda. Chombo ni chepesi, maji yanateremka, na kati yenu wawili ni mmoja tu anayeujua mto.

Wavuvi Wagenia wa Kisangani hawakujiingiza kamwe katika mashindano hayo. Wao wanasimamisha magogo katikati ya maporomoko, wanafunga migono mikubwa kuliko mtu, kisha wanauacha mkondo wenyewe umlete samaki ndani. Stanley alipita hapo mwaka 1877, akayabatiza maporomoko yote saba jina lake, akaendelea na safari. Migono ilibaki, na jina ndilo lililokwenda.

Tuseme umemchosha. Yuko ubavuni, anapumua taratibu, anakutazama. Sasa kumbuka kwamba katika kayaki hakuna tumbo la chombo wala sakafu ya kumtupia. Mahali pekee pa kumweka samaki huyu mwenye meno 32 ni mapajani pako. Mvuvi wa pirogi ana rungu kwa ajili ya dakika hii. Wewe una koleo ndefu, glavu, na imani kwamba samaki ameelewa nia yako ni njema. Vidole kumi ulivyokuja navyo vihesabu hapa, kabla na baada.

Picha ni lazima. Mnyooshe samaki mbele kuelekea kamera, mikono yote imekakamaa, nawe ujirudishe nyuma. Kwa mbinu hiyo kilo 12 zinakuwa 25 bila dhambi kubwa. Usitegemee kupima. Mizani ya kwanza utakayooneshwa Bafwasende ni ya mnunuzi wa dhahabu, na mawe yake ni njiti za kiberiti.

Na sasa sehemu ambayo wavuvi wa kayaki hawaandiki: kumwachia samaki mbele ya watu. Usidhani uko peke yako. Tangu mshipi ulipokaza watoto walikimbia kijijini, na ukingo umejaa. Mama mmoja amekwisha kuwasha moto. Wewe unainama, unamshika mbenga mkiani, unampeleka mbele na nyuma majini mpaka apate nguvu, unafungua mkono. Anaondoka. Ukimya wa ukingo ule hutausikia hata msibani. Msibani angalau watu wanajua la kufanya.

"Ulimushika?" atauliza mama wa moto.

Ndiyo, mama.

"Kisha ulimuachia?"

Ndiyo.

"Juu ya nini?"

Nimekuandalia majibu, ingawa hakuna linalofaa. Ukisema "ili akue", atauliza kama yule alikuwa mtoto. Ukisema "ili wengine waje kumvua", atauliza wengine gani, maana wao wote wako hapo, wamesimama. Ukisema ni mchezo, atataka kujua kama samaki naye aliambiwa kuwa ni mchezo. Kaa kimya, lipia kuni.

Usidhani mama huyo hajui mto unachoka. Anajua kuliko wewe. Anawaona wanaovua kwa vyandarua vya mbu, wanaokomba vifaranga pamoja na wazazi, na wanaomwaga sumu kwenye vijito. Anajua pia kwamba Kisangani, mji uliokaa juu ya mto Kongo, sufuria nyingi zinapika mpiodi wa barafu aliyetoka baharini Namibia. Atakayemshawishi shemeji yake kukitoa chandarua mtoni ameusaidia mto kuliko wewe na mbenga wako mmoja na picha zako. Ila kumshawishi shemeji hakupigwi picha.

Ndiyo maana mwongozo huu unapendekeza njia ya tatu, isiyo ya Ulaya wala ya shujaa: usimwachie. Lakini basi ujue unajiingiza katika nini. Kichwa ni cha mzee, usijaribu kubisha. Kapita ana sehemu yake kwa sababu ni kapita. Mwenye pirogi ana sehemu kwa kukufuata, mwenye bandari kwa wewe kuegesha, na kijana aliyesimama ukingoni akipiga kelele "Vuta! Vuta!" ana sehemu kwa kazi ya ufundi. Mama wa moto ana sehemu, na atakupimia yeye mwenyewe yako. Kilo 30 zikigawanywa hivyo, utabaki na kipande cha ubavu ndani ya jani, kimeiva kwenye makaa na pilipili, pamoja na lituma, ndizi zilizopondwa, ya moto na ya ukubwa wa ngumi. Mifupa ya mbenga ni mingi na haina huruma. Kula polepole, usiongee. Baada ya hapo hutakuwa tena mpelelezi. Utakuwa yule mtu wa pirogi ya kutoboka, na hicho ni cheo.

Siku ya kuondoka, usiirudishe kayaki Kisangani. Mvua ikiwa imeanza, barabara itaichukua yenyewe, pamoja na gari. Iuze papo hapo. Wavuvi hawataitaka, lakini wenye mashamba ya mihogo watakuja, kwa sababu ni ndefu, haiozi, haipasuki, na matundu yakizibwa kwa vipande vya ndara kuukuu inaloweka mihogo ya familia mbili kwa siku zote inazohitaji mpaka sumu itoke. Mama wa moto atakuwa wa kwanza. Ataizunguka, ataigonga kwa kifundo cha kidole, ataingiza kidole tunduni kama wote waliotangulia, kisha atataka upunguze bei kwa sababu ya matundu. Punguza.