Taadhima ya Kiraka

Naomba idhini ya kusema neno la insafu kwa ajili ya kitu ambacho, tangu mwanzo wa mwaka 2018, kimelaaniwa na kila mwenye seva, kimenung'unikiwa na kila mhasibu aliyeona bili ya mashine za kukodi ikipanda ilhali kazi ni ile ile, na kimekimbiwa na kila kijana aliyenunua kichakataji cha kasi ili acheze michezo yake kwa raha. Kitu hicho ni kiraka cha kerneli ya Linux, kile kinachoshonewa mfumo ili kusitiri kasoro iliyomo ndani ya kichakataji chenyewe. Wapo waliojaliwa ufasaha wa kusifu vitu vyepesi kusifiwa, kama vile skrini angavu na betri idumuyo. Mimi nasimama upande wa hiki kiletacho uzito, kidaicho mashine izimwe na kuwashwa upya usiku wa manane, kisha baada ya miezi michache kikarudi na kudai yale yale bila haya.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba ya msifiwa, na nasaba ya kiraka, tukisema kweli, haina fakhari: mzazi wake ni pupa. Tangu Pentium Pro ya Intel ilipotoka mwaka 1995, vichakataji vya kompyuta zetu za kawaida vimezoea kutosubiri; hukisia njia ambayo programu itafuata, hutangulia kuifanya kazi ya njia hiyo, na kisio lisipotimia huyatupa matokeo kana kwamba hayakuwako. Ni kama mhudumu wa mkahawa ambaye, akikuona waingia, hangoji uagize, bali hukimbilia kukumiminia chai ya maziwa kwa kuwa ndiyo uliyokunywa jana. Ukisema leo wataka kahawa, chai humwagwa, hutozwi senti, nawe huondoka ukiusifu wepesi wa nyumba ile. Kwa zaidi ya miaka ishirini dunia iliusifu wepesi huo, na wauzaji wakautia bei, pasi na wengi kuuliza kama kikombe kilichomwagwa chai hubaki na joto.

Hubaki nalo. Matokeo yaliyotupwa huacha alama katika kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya kichakataji, na mwenye kujua kupima vipande vidogo vya muda aweza kuzipapasa alama hizo mpaka akatambua kilichokuwamo. Jambo hili liligunduliwa karibu wakati mmoja na watu ambao hawakuwa wamepatana, miongoni mwao Jann Horn wa Project Zero ya Google na jopo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz huko Austria. Watengenezaji wakaarifiwa Juni 2017, miadi ya kutangaza ikawekwa tarehe 9 Januari 2018, na siri, kama ilivyo ada ya siri zenye wenyewe wengi, ikavuja, hata ikabidi itangazwe tarehe 3. Kasoro ya kwanza, Meltdown, iliiwezesha programu duni kabisa kusoma kumbukumbu ya kerneli, ziliko nywila na funguo. Ya pili, Spectre, ikaiwezesha programu moja kukipotosha kichakataji kinapokisia kazi ya jirani yake, mpaka jirani huyo akaitoa siri kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo kiraka kilipoitwa, na itazameni fadhila yake ya kwanza, ya kwamba kiliitikia wito usiokihusu. Kosa lilikuwa la silikoni, na silikoni haifumuliwi ikashonwa upya katika mamilioni ya mashine zilizokwisha kuuzwa. Waliopokea thamani yake walikuwa wameipokea zamani. Na waliokesha wakati wa Krismasi na mwaka mpya walikuwa mafundi wa kerneli, akina Thomas Gleixner na wenzake, ambao wengi wao hawakuichora silikoni hiyo wala hawakuiuza. (Baadhi yao, kwa insafu, walikuwa waajiriwa wa Intel yenyewe.) Walichokifanya ni kuyatenga majedwali ya kurasa. Zamani ramani ya kumbukumbu ya kerneli ilikuwa imetandazwa ndani ya ramani ya kila programu, ikilindwa na alama moja tu ya kukataza, na Meltdown ilidhihirisha ya kuwa kichakataji chenye haraka huitazama alama hiyo kikiwa kimekwisha kupita. Baada ya kiraka, programu iliyo kazini kwake huondolewa karibu ramani yote ya kerneli, na kila inapotaka huduma, iwe kusoma faili au kutuma pakiti, majedwali hubadilishwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Makadirio ya awali yalitaja hasara ya asilimia 5 kwa kazi nyingi, na hadi 30 kwa zile zibishazo hodi kwa kerneli kila mara. Na ajabu ya asili yake ni kwamba huko Graz, mwaka 2017, kilibuniwa kwa jina la KAISER kwa shabaha nyingine kabisa, ya kuficha anwani za kerneli. Hakuna aliyekitarajia kuwa tiba ya maradhi makubwa, nacho hakikujigamba.

Spectre haikukubali kutibiwa kwa kutenganisha, na hila ikajibiwa kwa hila. Paul Turner wa Google alibuni retpolini, ambayo huugeuza mruko wa programu, ule usiojua mapema unakokwenda, kuwa mrejeo wa uongo, hata kichakataji kikitaka kukisia, hukisia kuelekea kitanzi kidogo kisicho na njia ya kutokea, kikazunguka humo bila kumdhuru mtu mpaka anwani ya kweli ifike. Mali isiyohesabika imetumika miaka na miaka ili vichakataji viwe hodari wa kukisia, na kiraka, kwa amri chache tu, chakipa kichakataji kitu cha kukisia kisichokuwa na maana yoyote, nacho chakikisia kwa bidii. Ni kweli ya kuwa mwaka 2022 Johannes Wikner na Kaveh Razavi wa ETH Zürich walionyesha, kwa shambulio waliloliita Retbleed, kwamba hata mrejeo huo waweza kupotoshwa katika baadhi ya vichakataji vya AMD na Intel, na kiraka kikahitaji kiraka, kwa uzito ambao wao wenyewe waliupima kati ya asilimia 14 na 39. Mpinzani ataiita hiyo dalili ya kushindwa. La hasha! Kilicho kamili hakirekebishwi, na kisichorekebishwa husahauliwa. Kiraka kimejihakikishia ya kuwa mwaka haumaliziki bila jina lake kutajwa.

Sitaficha kwamba ukoo wake una jamaa wakorofi. Maikrokodi ya Intel (programu ndogo iendeshayo kichakataji kwa ndani) iliyotolewa mwanzo wa 2018 ili kuisaidia kerneli dhidi ya Spectre ilizifanya baadhi ya mashine zenye vichakataji vya Haswell na Broadwell zijiwashe upya zenyewe pasipo kuamriwa, hata tarehe 22 Januari kampuni ikawaomba watu waache kuisambaza. Na siku hizo hizo Linus Torvalds, muasisi wa Linux, ambaye hakujaliwa ulimi wa asali, aliviita viraka vilivyoitegemea takataka tupu. Hata hapo msifu mwangalifu huiona neema. Mashine iliyo katikati ya kujiwasha upya haiibiwi nywila.

Kuna jambo jingine ambalo nisipolitaja sifa yangu itakuwa ya kinafiki. Aprili 2018 Intel ilitangaza ya kuwa haitatoa maikrokodi kwa baadhi ya vichakataji vyake vya zamani, vikiwamo vya familia za Penryn, Wolfdale na Yorkfield. Na vichakataji hivyo havikuwa vimekufa, bali vilikuwa vimesafiri. Aliyepita katika maduka ya kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, amekwisha kuziona Core 2 Duo zimepangwa safu kwa safu, zimefutwa vumbi, tayari kwenda kuanza maisha ya pili katika steshenari, duka la dawa au ofisi ya kata. Aliyezizaa alizitoa mawazoni. Kiraka hakikuzitoa, kwa kuwa retpolini ni kazi ya kompaila na haingoji ruhusa ya mtengenezaji. Nazo ndizo zinazokilipa kiraka ghali zaidi. Vichakataji vya baadaye vina kitambulisho kiitwacho PCID, kipunguzacho gharama ya kubadili majedwali. Vya zamani havina, na kila huduma ya kerneli huvilazimu kusahau anwani vilizozikariri na kuanza kuzitafuta tena. Basi mwenye mashine duni hutozwa zaidi, na kiraka, mfano wa kodi nyingi, hakikuibuni dhuluma hiyo, kinaikusanya tu.

Fadhila niipendayo kuliko zote ni ukweli wake. Tangu toleo la 4.15, kerneli ina saraka iitwayo /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, na humo kila kasoro ina faili lake dogo la mstari mmoja, ambalo mtumiaji yeyote, asiye hata na cheo cha usimamizi, aweza kulisoma. Uandikapo amri moja fupi, mashine huungama yote kwa mpigo. Mbele ya jina la Meltdown itakujibu ya kuwa imekingwa kwa kutenga majedwali. Mbele ya jina jingine, ya kuwa haikuathirika. Lakini shuka hadi kwenye mds, kasoro iliyotangazwa Mei 2019. Hapo mashine nyingi hukuambia ya kuwa bafa za kichakataji husafishwa, kisha huweka nukta-mkato, na baada ya nukta-mkato hukiri ya kuwa nyuzi pacha za kichakataji bado ziko hatarini. Ni nani miongoni mwa waandishi wa taarifa rasmi aliyewahi kuweka nukta-mkato ya namna hiyo? Na mashine iliyonyimwa maikrokodi husema kwa unyenyekevu zaidi: iko hatarini, usafishaji umejaribiwa, maikrokodi hakuna. Yaani kerneli, hali ikijua ya kuwa yamkini haina ufagio, hufagia hivyo hivyo, kisha ikatoa ripoti sahihi juu ya ufagiaji wake.

Hata amri inayofagia ina tarehe yake. Ni VERW, iliyokuja na kichakataji 80286 mwaka 1982 kwa kazi ya kuthibitisha kama kipande cha kumbukumbu chaweza kuandikwa, kazi ambayo mifumo ya leo haina haja nayo. Ikakaa miaka zaidi ya thelathini ikibebwa kutoka kizazi hata kizazi kwa heshima ya wazee tu, mpaka maikrokodi ya 2019 ilipoipa jukumu la pili, la kusafisha bafa zenye siri. Mstaafu alirudishwa kazini na kukabidhiwa funguo za hazina, na hakuna aliyedai aombewe kibali.

Maadui wa kiraka wana silaha moja kubwa, nao wamepewa na kerneli yenyewe. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, neno mitigations=off likitiwa katika mstari wa kuwashia mfumo huziondoa kinga zote za hiari kwa mara moja; kabla ya hapo mwenye uchu wa kasi alipaswa kukariri nopti, nospectre_v2 na ndugu zao, na taabu hiyo pekee iliwaokoa wengi. Kwa mashine iliyofungiwa chumbani ikikokotoa hali ya hewa, isiyo na mgeni wala kivinjari, neno hilo lina hoja, nami silipingi. Lakini mtu akodishaye mashine moja kwa wateja kumi wasiojuana, kisha akalitia ili takwimu zake za kasi zipendeze, amewauzia wateja wale pupa ile ile iliyouzwa mwaka 1995, ila safari hii muuzaji anajua.

Orodha ya saraka ile haijafungwa. Septemba 2025 watafiti wa ETH Zürich walitangaza VMScape, imwezeshayo mgeni aliye ndani ya mashine pepe kuchungulia siri za programu iliyomkaribisha, na kerneli ikaongeza faili jingine na kinga nyingine, ya kukisahaulisha kichakataji makisio yake mgeni atokapo, kabla ya programu ya mwenyeji kuendelea na kazi. Uzito wake ni mdogo. Makelele nayo yalikuwa madogo kuliko ya mwaka ule wa kwanza, kwa maana wale walioapa kwamba hawataivumilia asilimia 5 wamekwisha kuzoea kupakua, kuwasha upya na kuendelea. Na wengi wao, ukiwauliza mashine yao ilikuwa na kasi gani kabla ya viraka, hukutajia namba iliyoandikwa kwenye boksi.