Namna ya Kumhoji Muuza Dawa Kabla Basi Halijaondoka

Kaa dirishani. Pale stendi ya Bweri, Musoma, au Bunda kwenye njia ya Mwanza, muuza dawa za miti atakufikia mapema kuliko muuza karanga. Mwamkie vizuri, akiwa mzee, mpe shikamoo ya moyoni, kwa kuwa anaijua misitu ambayo wengi wetu tunaipita tu. Ukishamaliza salamu, mhoji kama wazee wanavyomhoji mposaji.

Anza na jepesi: ni mti gani, na ni sehemu gani yake? Mwarobaini una majani, magome na mbegu, na mafuta ya mbegu hizo yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Akikujibu kwamba ni miti saba, siri ya babu, mrudishie chupa kwa mikono miwili.

Akisema inasafisha damu na kuondoa sumu, mpishe akae, maongezi yamenoga. Siku hizi utasikia pia neno antioksidanti, na jambo lenyewe ni la kweli. Maabara huwa na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Ukitia maji ya majani yaliyokamuliwa na rangi ikafifia hadi manjano, basi majani hayo yana antioksidanti. Sasa muulize: ikishapita tumboni inageuka kuwa nini?

Akinyamaza, msimulie habari za mepo, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, wameonyesha kwamba majani ya mepo mwekundu yaliyokamuliwa huzuia, katika chupa za maabara, kimeng'enya kinacholegeza ngozi. Sifa njema. Lakini farasi akila majani ya mti huohuo yaliyonyauka, chembe nyekundu za damu yake huvunjika, mkojo huwa wa kahawia, na mara nyingi hufa. Asidi ya galiki, ambayo kwenye chupa ni antioksidanti hodari, hugeuzwa na bakteria wa tumboni kuwa pairogalo, nayo huishambulia damu. Mti ni uleule.

Sisi si farasi, lakini wapo kati yetu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao umeenea zaidi pale malaria ilipokaa muda mrefu, kama kwetu huku ziwani. Damu yao huvunjika kwa urahisi. Hata hina iliyopakwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo imewahi kumvunjia damu. Kwa hiyo uliza na hili, kwa sauti hadi abiria wa nyuma wasikie: nani hapaswi kuinywa? Dawa inayomfaa kila mtu bado sijaiona.

Wala usimdharau muuzaji. Mwaka 2007 Sheila Maregesi wa Muhimbili na wenzake walichapisha uchunguzi wa miti ya wilaya ya Bunda inayotibu magonjwa ya kuambukiza. Waliandika mti, sehemu inayotumika, ugonjwa na namna ya kuandaa, kisha baadhi ya miti wakaipima maabara dhidi ya bakteria, fangasi na virusi. Waganga wa Bunda waliulizwa maswali ya aina hiyohiyo, wakajibu. Nawe unastahili majibu. Omba pia namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002. Mwenye nayo ataitoa bila kununa.

Ukifika Butiama ukamkuta bibi anachanganya chupa kama hiyo na vidonge vya presha, usimgombeze. Mwombe akuonyeshe anachokunywa, kiasi gani na mara ngapi. Siku ya kliniki, chupa iingie kikapuni pamoja na kipande cha gome, aviweke mezani kwa daktari kabla dozi mpya haijaandikwa.