Fundi Bomba Asiye na Spana

Mario ni fundi bomba, lakini sijawahi kumwona ameshika spana. Mabomba anayaingia mwenyewe, mzima mzima na kofia yake, anaibukia upande wa pili kuokota sarafu. Isitoshe, katika Donkey Kong ya mwaka 1981 alikuwa seremala. 1983 akahamia kwenye mabomba, na cheti hakuna aliyemuuliza.

Nimerudi kucheza Super Mario Bros. ya 1985 kwenye kimashine cha Nintendo cha mwanangu, na nina malalamiko.

Kwanza ile saa. Inaanza na 400, inashuka. Utotoni niliamini ni sekunde. Sekunde gani hizo? Mia nne nzima zinakwisha kabla dakika tatu za kweli hazijatimia, na muziki unaongezwa mwendo ili mtu apagawe vizuri. Tena kioo hakirudi nyuma: uyoga ulioupita umeupita, utauangalia moyoni tu.

Kwenye michoro, nakubali, waliofanya kazi walifanya. Shigeru Miyamoto na wenzake walibanwa kwenye kilobaiti 40 hivi kwa mchezo mzima. Kadi ya mchango wa harusi inayotumwa WhatsApp inazidi hapo. Ndiyo maana kichaka ni wingu lililopakwa kijani. Sharubu za Mario nazo zilitokana na ufinyu wa vidoa vya kuchorea: mdomo haukuhitaji kuchorwa tena, na kofia ikaokoa kazi ya nywele. Ubahili wa namna hii nauheshimu.

Nisichokiheshimu ni zile ngome. Unaruka moto, unamdondosha Bowser kwenye lava, unakwenda kumchukua binti wa mfalme uliyeambiwa ametekwa. Unamkuta mtumishi mwenye kichwa cha uyoga, anakushukuru kwa adabu zote, kisha anakuarifu kwamba binti yuko ngome nyingine. Hivyo hivyo ngome saba! Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaijua hali hiyo: faili lipo, ila si dirisha hili.

Na ukimpata, katika ngome ya nane? Naye anashukuru, halafu anakupa kazi mpya: rudia yote tangu mwanzo. Safari hii vile viumbe laini vya kukanyaga vimeondolewa, wamewekwa kobe wenye magamba yasiyosikia moto. Hata soda hakuna.

Mwanangu alikuwa ananitazama kwa huruma. "Baba, bonyeza hivi viwili, unarudi kabla hujafa." Kumbe vimashine vya sasa vinarudisha muda. Nikamwambia sisi hatukulelewa hivyo, mtu akifa amekufa. Nikatumbukia shimoni palepale. Nikabonyeza.

Sisi tulicheza kibandani, TV ya chogo, mashine ya kuiga, kaseti ya njano iliyoandikwa michezo maelfu kumbe ni michache inayojirudia. Picha ikigoma, kaseti inachomolewa, inapulizwa, inarudishwa. Unalipa, unapewa padi, na nyuma yako kuna msururu wa watoto wanaokuombea ufe ili zamu zao zifike. Uhai unapewa mara tatu. Ukiisha, hata kama ulishafika dunia ya saba, unarudi mwanzo kabisa, kwenye kile kiuyoga cha kwanza chenye macho ya kisirani. Unatia mkono mfukoni, unalipa tena.

Sasa ndipo linapokuja la kuniudhi kuliko yote, nimelijua juzi tu. Uhai ukiisha, kwenye ukurasa wa kuanzia, unashikilia kitufe cha A kisha unabonyeza Start. Basi! Mchezo unakuanzisha kwenye dunia ileile uliyofia. Na si nyongeza ya siku hizi. Imo humo tangu 1985, ndani ya kilobaiti zilezile 40. Kichaka walikinyima mchoro wake, lakini siri hii waliitafutia nafasi. Na bwana mwenye kibanda, aliyekuwa akitufundisha kila kitu mpaka namna ya kupuliza kaseti, hili halikumtoka mdomoni hata mara moja.

Kwa hiyo nauliza hadharani. Wewe unayesoma hapa, kama ulikuwa kwenye ule msururu, unaijua A na Start, ukanyamaza huku nikilipa upya kila nilipokufa: nakudai.