Sifa za Saa 507

Saa 507 ndicho kipimo ambacho kanuni za Ufaransa humpimia msanii wa jukwaani na fundi wa filamu kabla ya kumlipa mafao ya kukosa kazi. Anayezitimiza ndani ya miezi 12 hutambuliwa kuwa mtu wa sanaa. Mwenye 506 hupangwa foleni moja na wengine wote. Hakuna mhakiki wa tamthilia aliyewahi kutoa hukumu ya haraka na isiyo na upendeleo kama hiyo. Kanuni haiulizi kama mwimbaji ana sauti, wala kama watazamaji walisinzia. Inauliza vyeti vya mwajiri viko wapi.

Nasaba yake ni ya heshima. Mizizi yake ni ya mwaka 1936, ulipoanzishwa utaratibu wa mafundi wa sinema, watu walioajiriwa filamu moja baada ya nyingine na waajiri tofauti. Bima ya taifa ya kukosa kazi ilizaliwa mwishoni mwa 1958, na katika miaka ya 1960 ikaongezewa viambatisho viwili: cha 8 kwa mafundi, cha 10 kwa wasanii. Viambatisho vya mikataba kwa kawaida havisomwi na mtu. Hivi viwili vimepata bahati ya kujulikana kwa namba zao hata na mpiga tarumbeta ambaye hajawahi kusoma mkataba wake mwenyewe hadi mwisho.

Fadhila ya kwanza ya kanuni hii ni kufundisha hesabu. Ujira wa onyesho moja, uitwao kashe, huhesabiwa kuwa saa 12. Mwimbaji aliyesimama jukwaani dakika 40 amefanya kazi saa 12. Fundi aliyebeba nyaya na kufunga taa tangu alfajiri hadi usiku wa manane huhesabiwa saa zake moja moja. Kashe 42 ni saa 504. Zinapungua tatu, na kwa hizo tatu mcheza tamthilia aliyekwishaigiza wafalme na manabii atakubali kuvaa ngozi ya dubu katika sherehe ya watoto, mradi mkataba uwe umetiwa saini. Kashe ya 43 humfikisha 516, naye hulala usingizi. Lakini asizidishe pupa: kashe zinazokubaliwa kwa mwezi hazizidi 28, na ziada ya mwaka huu haihamishiwi mwaka ujao. Tarehe yake ya kumbukumbu, siku ambayo haki zake huhesabiwa upya, ikifika, kila kitu kinaanza upya kutoka sifuri. Wasanii wengi huikumbuka tarehe hiyo kuliko siku ya ndoa yao.

Kanuni ina huruma pia, na huruma yake hupimwa kwa saa. Likizo ya uzazi ina thamani ya saa 5 kwa siku. Kufundisha sanaa katika taasisi zinazotambuliwa hukubaliwa hadi saa 70, au 120 kwa aliyetimiza miaka 50, kana kwamba hekima huongezeka siku hiyo kwa saa 50 kamili. Hata mwenye mgahawa anayemwita mpiga kodiani kwa jioni moja hupewa heshima ya kuwa mwajiri: lazima amtangaze na kumlipia michango kupitia dirisha maalumu la serikali. Sheria humchukulia msanii kuwa mwajiriwa hata akikana, na kundi la taarabu kutoka Unguja likialikwa na tamasha la Ufaransa, dhana hiyo hiyo huwasubiri nyuma ya pazia.

Matendo yake makuu ni ya mwaka 2003. Makubaliano ya Juni mwaka huo yalibakiza saa 507, ila muda wa kuzikusanya ukakatwa kuwa miezi kumi hivi. Wasanii na mafundi waligoma, na tamasha la Avignon, lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947, likafutwa. La Aix-en-Provence nalo likafutwa. Hakuna mwandishi wa tamthilia aliyewahi kuutikisa mji wa Avignon kiasi hicho, na kanuni hii ilitumia namba tupu. Mwaka 2016 miezi 12 ilirudishwa. Korona ilipofunga kumbi, Rais Macron alitangaza Mei 2020 kwamba haki za wasanii zitaongezwa muda hadi mwisho wa Agosti 2021. Hata hivyo, Machi 2021 wasanii waliuteka ukumbi wa Odéon jijini Paris, na baadaye haki hizo zikasogezwa hadi Desemba.

Wapo wanaoikashifu. Mahakama ya Hesabu ya Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ililalamikia nakisi ya karibu euro bilioni moja kwa mwaka, na chama cha waajiri kikadai mafundi na wasanii wanalelewa kwa pesa za viwanda. Lawama hiyo inasahau nani hufaidi. Kampuni ya televisheni inayomwajiri mpiga picha yule yule kwa mikataba mifupi mwaka baada ya mwaka, huku mfuko wa bima ukimlipa siku asizohitajika, imepata mfanyakazi wa kudumu kwa bei ya kibarua. Kikundi cha tamthilia kisicholipa mazoezi nacho hutegemea mfuko huo huo. Mcheza dansi anayerudia hatua moja asubuhi nzima jikoni kwake hana mkataba wala kashe. Kwenye karatasi hana kazi. Bila asubuhi hizo hakuna onyesho la jioni, na hapo ndipo kanuni inastahili sifa bila mzaha: imepata njia ya kulipia kazi isiyoonekana, ingawa imelazimika kuiita ukosefu wa kazi ili iweze kuilipa.

Ukarimu huo una mpaka. Mchoraji, mchongaji na mwandishi wa riwaya wa Ufaransa hawachangii bima ya kukosa kazi kwa kazi yao ya ubunifu, na hawalipwi nayo. Mwigizaji anayesoma riwaya hadharani anaweza kupata kashe yake ya saa 12. Aliyeiandika hahesabiwi hata saa moja.