Mkwe na Beseni la Nepi

Mume wangu alipiga hesabu nyuma ya kalenda. Pampas moja dukani, kwa rejareja, shilingi 20. Mtoto anabadilishwa mara saba kutwa kucha. Kwa mwezi, shilingi 4,200. Akatoka nje, akawatazama mbuzi wetu wakitafuna matawi ya mgunga, akarudi amekunja uso.

“Mama mtoto, kila mwezi huyu kijana anakula mbuzi mzima, halafu tunamtupa chooni.”

Siku ya soko akashuka Kibwezi mjini, akarudi na furushi: taulo za mitumba zilizochujuka, fulana za pamba za watu wazima (moja ina nembo ya timu ya mpira ambayo hakuna aliyewahi kuisikia), mita chache za amerikani, pini za nepi na chupi mbili za plastiki. Fundi wa cherehani akakata na kupinda. Gharama yote haikufika nusu ya pampas za mwezi, na bwana alitembea kijijini kama aliyechimba mafuta.

Usiku wa kwanza amerikani ilikataa kazi. Pamba mpya bado ina mafuta yake na wanga wa kiwandani. Mkojo unateleza juu yake moja kwa moja hadi godoroni. Inataka kufuliwa mara kadhaa kabla ya kuvishwa mtu. Taulo zilinyonya vizuri, lakini zile nene hazikukauka upesi. Zilizotufaa tangu mwanzo ni fulana: kitambaa chepesi, unakikunja hadi kiwe kinene, ukikianika unakikunjua, jua linapenya.

Maji ndiyo yaliyotushinda. Kisima chetu ni cha chumvi, kama visima vingi vya Ukambani. Sabuni haitoi povu. Inaganda na kuwa utando wa kijivu unaoingia kwenye nyuzi. Mume wangu, ambaye alijitwika ufuaji mwenyewe (nampa haki yake), akaongeza sabuni ya unga. Povu likagoma. Akaongeza tena, akatia na ile dawa ya kulainisha nguo. Nepi zikanukia maua, zikakauka ngumu, zikaacha kunyonya, na makalio ya mtoto yakawa mekundu. Kamba ilipojaa, zilizobaki akazitandaza juu ya ua wa mnyaa, mti ambao utomvu wake unachoma ngozi, na ukikuingia jichoni utalia hadi jioni.

Siku hiyo hiyo mama yangu akawasili kutoka Mutomo. Tangu barabara ya Kitui–Mutomo–Kibwezi ipate lami, mtu anavuka mto Athi na kukufikia chai haijapoa, kwa hiyo hakututaarifu. Akamkuta mkwewe amechuchumaa, mikono imezama kwenye beseni. Sisi Wakamba tuna nthoni: mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali, na maneno ya mwili hayatajwi baina yao. Sasa nepi utaitajaje bila kutaja mwili? Bwana alitoweka nyuma ya ghala na beseni lake. Mama akaketi chini ya mwembe, akageukia upande wa pili, na mafunzo yakaanza kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

“Mwambie baba mtoto aziondoe kwenye mnyaa kwanza.”

Beseni likatikisika nyuma ya ghala.

“Mwambie maji ya chumvi ni ya kutoa uchafu tu. Yawe baridi. Ya moto yanaligandisha doa.”

“Muulize mama, na sabuni?”

“Ya kipande, apake penye doa, basi. Kisha asuuze kwa maji matamu mpaka utelezi uishe.”

Mama anajua maji. Ni mmoja wa wanawake waliobeba mawe ya mabwawa ya mchanga, yale ambayo shirika la SASOL limejenga kwa mamia huko Kitui tangu miaka ya 1990, pamoja na wanavijiji. Ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanarundika mchanga nyuma yake, na mchanga unayaficha maji jua lisiyanywe. Maji hayo sabuni inayapenda.

Tukazichemsha nepi kwa maji matamu hadi sabuni iliyoganda ikatoka, na wekundu wa mtoto ukapungua. Kalenda nayo ikapata safu ya pili: mitungi miwili ya lita 20 kila siku, shilingi 30 kila mmoja, mgongoni mwa punda wa jirani. Shilingi 1,800 kwa mwezi. Nikamkumbusha bwana kwamba maji ya mwisho ya kusuuzia yananywesha mipapai. Akasema mipapai haijawahi kulipa.

Mvua ya Novemba ikaja, ile tunayoitegemea zaidi huku kwetu. Tangi likajaa maji laini ya bure, mume wangu akafuta safu ya punda kwa furaha, na jua likapotea wiki nzima. Nepi zikaning'inia jikoni juu ya mafiga, mtoto akanuka moshi, na fulana ya ile timu ikaungua upindo. Bwana akanipa simu nimpigie mama, kisha akasimama mlangoni, mgongo ameugeuzia simu.

“Muulize, kule Mutomo hufanyaje mvua ikizidi?”

Nikauliza.

“Mwambie mkwe wangu,” mama akasema, “anunue pampas.”